Vikombe Vimejaa Kabatini, Darasa la Muziki Liko Wapi?

Maneno ya afisa wa habari wa kaunti kwa wazazi, walimu na wanafunzi wa shule moja ya upili katika Eneo Bunge la Saboti, siku ya wazazi



Nilipoalikwa niliambiwa nizungumze juu ya vipaji. Neno hilo naliogopa kidogo. Ofisini kwetu, nikiandika taarifa yenye neno vipaji, najua tayari picha itakayoambatana nayo: mgeni wa heshima ameshika kipaza sauti, nyuma yake watoto wamevaa sketi za makonge na kupakwa chokaa usoni, na msomaji anafungua ukurasa unaofuata. Kwa hiyo mtanisamehe. Leo sitazungumzia vipaji. Nitazungumzia somo: muziki wenye mwalimu, kitabu, ratiba, mtihani na alama.

Nilipofika nilikaribishwa chai katika ofisi ya Mwalimu Mkuu. Nyuma ya kiti chake kuna kabati la vioo, na ndani yake vikombe vya Tamasha za Muziki vimepangwa mpaka vingine vimelala kwa kukosa nafasi. Nikauliza, ni wanafunzi wangapi hapa wanaosoma Muziki kama somo? Mwalimu Mkuu ni mtu mkweli, nami namheshimu kwa hilo. Alisema, hakuna hata mmoja.

Sisemi haya kuiaibisha shule hii. Shule nyingi za upande huu wa Mlima Elgon, Kitale hata kuvuka Bungoma, zina hadithi hiyo hiyo. Muhula wa pili ukikaribia, mkufunzi wa kwaya anatafutwa kutoka nje, analipwa kwa wiki, anawafundisha watoto wimbo mmoja wa lazima na wimbo mmoja wa kiasili. Hawasomi noti. Anawaimbia sauti ya kwanza, wanaikariri. Anawaimbia sauti ya pili, wanaikariri. Teno na besi vivyo hivyo. Wanashinda ngazi ya kaunti ndogo, wanashinda kaunti, wanaenda kanda, basi linarudi usiku na vifijo. Agosti inafika, mkufunzi anaenda zake, ngoma zinarudishwa stoo karibu na majembe. Mtoto aliyeimba teno miaka minne anaondoka shuleni akiwa hawezi kusoma mstari mmoja wa muziki.

Tamasha zenyewe sizilaumu. Zilianza mwaka wa 1927, na ni vigumu kutaja shughuli nyingine ya shule nchini iliyodumu hivyo. Korona ilizisimamisha mwaka wa 2020, zikarudi. Zimemfanya mtoto wa Machewa asimame jukwaa moja na mtoto wa Mombasa, na washindi wakamwimbia Rais. Tena kuna jambo moja linalonichekesha kila mwaka. Kwa kuwa Trans Nzoia iko katika Bonde la Ufa, wimbo wa Kibukusu ukiimbwa na shule ya Saboti unaenda kushindana na nyimbo za Turkana na Nandi katika kanda ya Bonde la Ufa. Wimbo ule ule, ukiimbwa na binamu zao walio upande wa Bungoma, unaenda kanda ya Magharibi. Kwa hiyo wimbo mmoja unaweza kukutana na nduguye kwenye fainali ya taifa. Wimbo haujui mpaka wa kaunti.

Lakini tamasha ni mavuno. Hapa kwetu tunalima mahindi, na hakuna anayehitaji kuelezwa kwamba mavuno bila shamba ni kununua magunia sokoni na kuyapanga ghalani ili majirani waone.

Nami nina kisa changu. Nilipokuwa kidato cha pili, katika shule ambayo sitaitaja, niliimba besi. Tulikuwa na mwalimu wa Muziki, mmoja tu. Alitufundisha kusoma noti kwa ubao aliouchora mistari mitano kwa msumari ili isifutike. Tulikuwa kumi na watatu tuliotaka kulichukua somo mpaka mtihani wa taifa. Mwalimu akahamishwa. Tukaambiwa tuchague somo lingine kufikia Ijumaa. Mimi nilichukua Biashara, na sina ugomvi na Biashara. Lakini miaka kadhaa baadaye, nikisomea uandishi wa habari, tuliingizwa studio ya redio tukaambiwa tusikilize kanda na kusema kasoro iko wapi. Wenzangu wengi hawakusikia kitu. Mimi nilisikia sauti ya mtangazaji imepanda nusu ya noti mahali ambapo kanda ilikatwa na kuunganishwa. Sikuwa na akili kuliko wao. Kuna mtu aliyekuwa amenifundisha kusikiliza, kwa mwaka mmoja na miezi michache. Mpaka leo hujiuliza ingekuwaje kama ingekuwa miaka minne.

Sasa niwaeleze somo lenyewe, kwa sababu wazazi wengi hudhani Muziki ni kuimba tu. Katika mtihani wa KCSE, Muziki una karatasi tatu. Karatasi ya kwanza ni ya vitendo: mwanafunzi anapiga ala au anaimba mbele ya mtahini. Ya pili ni ya kusikiliza: anasikia sauti, anaandika alichosikia. Ya tatu ni ya nadharia, historia na uchambuzi, ambapo atakutana na Mozart, na pia atakutana na muziki wa Wapokomo na Wabukusu. Mtoto aliyefaulu karatasi ya pili amejifunza umakini ambao ungemfaa hata mahakamani au kwenye wodi ya hospitali.

Hata hivyo, mtihani huo uko njiani kuondoka. Watahiniwa wa mwisho wa KCSE ya mfumo wa 8-4-4 wataukalia mwaka wa 2027. Ndugu zao wadogo walioingia Gredi ya 10 Januari 2026 wako kwenye mfumo mwingine, na hapa naomba wazazi mnisikilize vizuri, maana ndipo mlango ulipo.

Sekondari pevu ina mikondo mitatu. Kuna STEM, yaani sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Kuna Sayansi za Jamii. Na kuna Sanaa na Michezo, ambamo yamo Muziki na Densi, Maigizo na Filamu, Sanaa ya Kuchora, na Michezo. Wizara ya Elimu ilikadiria kwamba katika kila wanafunzi 100, 60 wataenda STEM, 25 Sayansi za Jamii, na 15 Sanaa na Michezo. Kumi na tano si kidogo. Darasa la watoto 45 ni karibu watoto saba.

Tatizo ni hili. Sera inaitaka kila shule iwe na STEM na angalau mkondo mwingine mmoja. Shule ikichagua huo mwingine, rahisi ni Sayansi za Jamii: mwalimu wa Historia yupo, mwalimu wa Dini yupo, vitabu vimejaa maktaba. Sanaa na Michezo inataka mwalimu ambaye hayupo na vifaa ambavyo havipo. Kwa hiyo mkondo huo unaelekea kubaki kwenye shule kubwa, zile ambazo zilikuwa na piano tangu zamani. Na mtoto wa Kinyoro mwenye sikio la muziki? Ama aende mbali, ambako karo ya bweni itamshinda baba yake, ama achukue kilichopo. Ndiyo maana nasema kabati la vikombe halitoshi. Vikombe havihesabiwi shule inapopewa mkondo. Kinachohesabiwa ni walimu na vifaa.

Kuna mzazi pale nyuma ananitazama kama ninayemuuzia mbegu feki. Naelewa. Swali lake ni moja: mtoto akisoma muziki atakula nini?

Sitawadanganya. Wengi wanaojaribu kuishi kwa kuuza nyimbo nchini Kenya wanaishi kwa shida, na mzozo kuhusu mirabaha, nani akusanye na nani alipwe, umedumu miaka mingi. Anayewaambia watoto wenu kwamba watatajirika kwa wimbo mmoja kwenye simu, mwulizeni yeye ametajirika lini. Lakini mwanamuziki wa jukwaani ni tawi moja la mti huu. Kuna mwalimu wa Muziki, na kwa jinsi mfumo mpya ulivyo, walimu hao watatafutwa kuliko zamani; Chuo Kikuu cha Kenyatta na kile cha Maseno wamewafundisha kwa miaka. Kuna bendi ya Jeshi, ya Polisi, ya Magereza, ya Huduma ya Vijana kwa Taifa. Mnazisikia kila Madaraka na kila Jamhuri. Watu wale wana mishahara, na hawakuanza kupuliza tarumbeta siku walipoajiriwa. Huku kwetu wengi waliopuliza mapema walijifunza katika Jeshi la Wokovu, kanisani, wakiwa watoto. Kuna fundi wa mitambo ya sauti, ambaye kila mazishi, kila arusi na kila mkutano wa hadhara unamhitaji. Kuna wa studio, wa redio, wa matangazo. Mimi huwatafuta watu hao kila wiki kwa kazi za ofisi, na wanaosikia vizuri ni wachache.

Wengine mnaogopa kwamba mtoto akienda Sanaa ataacha Hesabu. Haachi. Hisabati ni ya lazima kwa mikondo yote, ila ya STEM ni nzito zaidi. Kiingereza na Kiswahili pia vinabaki. Anachochagua ni masomo matatu juu ya hayo.

Sasa ala. Nimesikia ikisemwa kwamba hatuwezi kuanzisha Muziki kwa sababu hatuna piano. Piano ni nzuri. Lakini tumesahau tunakaa wapi? Tumekaa katikati ya Wabukusu wenye litungu na Wasabaot wenye bukandit. Litungu ni ala kamili: bakuli la mbao lililowambwa ngozi, mikono miwili, kijiti cha juu, na nyuzi saba kwa kawaida. Nyuzi hizo zamani zilikuwa kano za ng'ombe, siku hizi nailoni. Inalegezwa na kukazwa mpaka ilingane. Mtoto anayejua kulinganisha litungu tayari amejua kile ambacho mwalimu angetumia wiki tatu kukieleza ubaoni. Mtaala unaitambua ala ya Kiafrika, na karatasi ya vitendo inaikubali. Ongeza rikoda za plastiki kwa darasa, ambazo ndizo ala za bei nafuu zaidi madukani, na sauti ya kila mtoto ambayo Mungu aliitoa bila malipo. Hapo darasa limeanza. Piano ije baadaye.

Hatari ni kwamba walio na litungu wanazeeka. Mnakumbuka isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho kule Kakamega? Mwaka wa 2014 UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Watu wengi walishangilia. Mimi nilisoma jina la orodha mara mbili. Haikuwa orodha ya washindi, ilikuwa kama wodi ya mahututi. Ngoma ambayo tulidhani kila Mluhya anaizaliwa nayo ilikuwa imefika huko kwa sababu wanaoijua ni wazee na vijana hawajajifunza.

Hapo nakuja kwenye jambo ambalo huniuma. Wimbo wa kiasili wa mashindano unatoka wapi? Mkufunzi anaenda kwa mzee au kwa nyanya fulani kijijini, anaurekodi kwenye simu, anaupanga sauti nne, shule inashinda. Jina la mkufunzi linatajwa. Jina la shule linatajwa. Nyanya anapewa nini? Mara nyingi hata kwenye tamasha haalikwi.

Si jambo jipya. Wimbo wetu wa Taifa ulitokana na wimbo ambao akina mama Wapokomo wa Mto Tana huwabembelezea watoto. Mzee Meza Morowa Galana ndiye anayetajwa kuwa aliutoa. Mwaka wa 1963 watu watano wenye elimu ya muziki waliuchukua wakaupa umbo tunaloliimba: Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Hebu tuoneshane mikono, nani hapa alikuwa amesikia jina la Mzee Galana kabla ya leo? Mwalimu wa Historia peke yake. Asante, Mwalimu. Lakini angalieni upande wa pili pia: bila watu watano waliojua kuandika na kupanga muziki, wimbo ule ungebaki mtoni. Ilihitajika nyanya anayeuimba, na ilihitajika aliyesoma.

Siku hizi kuna sheria. Katiba, kifungu cha 11, inataka jamii zilipwe utamaduni wao unapotumiwa. Sheria ya mwaka wa 2016 ya kulinda maarifa asilia na sanaa za kitamaduni imezipa serikali za kaunti kazi ya kukusanya na kusajili urithi huo. Hiyo ni kazi yetu, na nasema wazi kwamba hatuwezi kuifanya tukiwa tumekaa ofisini Kitale. Wanaoweza kuturahisishia ni wanafunzi wenye daftari na simu, wanaouliza: huu wimbo unaitwaje, ulikuwa wa shughuli gani, nani alikufundisha, jina lako nani? Maswali manne. Darasa la Muziki lingeyafanya kuwa zoezi la nyumbani.

Na kwa kuwa nimetaja kaunti, niseme mipaka yetu kabla mtu hajasimama kuniomba mwalimu. Mimi ni msemaji, si mweka hazina, na sikuja na hundi. Katika Jedwali la Nne la Katiba, kaunti tumepewa chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Shule za upili, mtaala na mitihani ni za serikali ya kitaifa, na mwalimu huajiriwa na Tume ya Huduma kwa Walimu. Nikiwaahidi mwalimu wa Muziki nitakuwa nimewadanganya, na gazeti hili litakuwa limenisaidia kudanganya. Lakini shughuli za kitamaduni ni zetu. Vyuo vya ufundi ni vyetu, na vina vijana wanaosoma useremala. Sioni kwa nini kijana anayetengeneza meza asijaribu kutengeneza bakuli la litungu au marimba kwa ajili ya shule jirani, akiongozwa na mzee anayejua. Hilo si ahadi, ni pendekezo, nami nitalipeleka kwa maandishi kwa idara zinazohusika. Bodi nayo ilete lake, kwa sababu barua mbili juu ya meza moja hupotea kwa shida zaidi kuliko moja.

Pale Kitale tuna makumbusho yaliyofunguliwa mwaka wa 1974. Nimeuliza watoto njiani wangapi wameingia. Wengi wameyapita wakienda stendi.

Mwenyekiti, nitaomba mambo machache kutoka kwa bodi. Pesa mnayomlipa mkufunzi wa nje kila muhula wa pili, ijadilini upya. Mlipeni kwa mwaka mzima hata kama ni kwa saa chache kwa wiki, na sharti la kwanza liwe kwamba afundishe kusoma noti, hata kama mwaka mmoja tutarudi bila kikombe. Najua neno hilo ni gumu kwa shule iliyozoea kushinda. Halafu tafuteni miongoni mwa walimu mlio nao. Mara nyingi kuna mwalimu wa Kiswahili au wa Dini aliyesoma Muziki chuoni na anaficha, kwa sababu akijulikana ataongezewa kazi bila kupunguziwa nyingine. Mkimpata, mpunguzieni vipindi. Na mkishakuwa na mwalimu na vifaa vya kuanzia, ombeni rasmi mkondo wa Sanaa na Michezo, mkiwa na orodha ya wanafunzi wanaoutaka. Wizara ikikataa, itakuwa imekataa kwa maandishi, na hapo tutakuwa na la kuandika.

Wanafunzi, nyinyi nawaomba moja tu. Daftari la majina liko kwa kapteni wa kwaya. Andika jina lako kama unataka kujifunza noti na litungu Jumamosi asubuhi, kuanzia wiki ijayo, saa mbili, chini ya ule mti wa mparachichi. Usiandike kwa sababu rafiki yako ameandika. Na wasichana, msiambiwe kwamba litungu ni ya wanaume. Zamani ndivyo ilivyokuwa, na Mzee atakayewafundisha ameniambia asubuhi hii kwamba atamfundisha yeyote mwenye vidole.

Ndiye yule, amekaa karibu na chifu, litungu lake limefunikwa kwa koti. Amesubiri tangu saa nne huku mimi nikizungumza. Mwalimu Mkuu, naomba kipaza sauti kishushwe kifike magotini kwake, ndipo ala inaposikika. Mzee, karibu.